Dunia Juu ya Boga

Driciru alikuwa akikoroga uji wa mtama huku akiimba.

"Asia, Afrika, Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kusini, Australia..."

"Driciru!" mama mkwe wake, Ayikoru, aliita kutoka mlangoni. "Uji iko naungua!"

Driciru alishtuka. Aliondoa sufuria motoni, akabaki amesimama na mwiko mkononi. Bara la saba lilikuwa limemtoka kichwani.

"Mama, umenipotezea bara moja."

"Bara gani? Mimi naona uji tu," alisema Ayikoru. "Na huo uji umekuwa mweusi."

Hivyo ndivyo asubuhi nyingi zilivyoanza katika nyumba yao mjini Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda. Driciru alipika na kuimba mabara. Mume wake, Adriko, alitafuta spana zake, kisha akaenda kutengeneza pikipiki kando ya barabara ya Oraba. Ayikoru alikwenda kwenye shamba lake dogo nyuma ya nyumba, ambako alipanda maharagwe na maboga. Driciru naye alikwenda kufundisha watoto wadogo katika shule ya jamii.

Watoto walimpenda. Aliwafundisha kuhesabu kwa mawe na kusoma kwa kadi alizozikata mwenyewe. Lakini Driciru hakuwa na cheti cha ualimu. Siku moja mwalimu mkuu, Bwana Loku, alimwita ofisini.

"Mwalimu, kazi yako ni nzuri," alisema. "Lakini wazazi na wakaguzi wanauliza. Mwaka ujao sitaweza kumpa darasa mtu asiyesomea ualimu. Chuo kule Arua kinatoa mtihani wa kuingia. Ukifaulu, utasoma wakati wa likizo na utabaki na watoto wako hapa. Ukianguka, nitalazimika kutafuta mwalimu mwingine."

"Kuna masomo gani?"

"Hesabu, lugha, na jiografia ya dunia. Mambo ya msingi tu. Mabara, bahari, mito, pande za dunia, na saa za dunia."

Hesabu haikumtisha Driciru, wala lugha. Jiografia ilimtisha. Shuleni aliisoma kwa kukariri tu, na sasa alikuwa ameisahau yote. Kwa hiyo alikariri tena. Alikariri akipika, akifua, akichota maji. Kila mtu alipomkatiza, ilimbidi aanze upya.

Bwana Loku alimpa jaribio dogo ili ajipime. Swali moja liliuliza: Mto Nile unatiririka kutoka wapi kwenda wapi? Driciru aliitazama ramani ya Afrika iliyokuwa ukutani nyumbani kwake. Misri ilikuwa juu. Uganda ilikuwa chini. Maji hushuka, hayapandi. Akaandika: Mto Nile unatoka Misri na kuja Uganda.

Jaribio lilirudi na alama ndogo sana. Jioni Adriko alisoma jibu hilo akacheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe Wamisri ndio wanatuletea maji! Tuwatumie shukrani!"

"Cheka tu," alisema Driciru. "Darasa langu likichukuliwa, utacheka pia?"

Adriko aliacha kucheka. Alimwona mkewe akifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Nisamehe, mke wangu," alisema taratibu. "Lakini hata mimi sijui vizuri. Nilijua tu kwamba maji yanakwenda Juba. Kwa nini yanakwenda huko, sijui."

Upande wa pili wa ua aliishi jirani yao, Kahindo. Alikuwa mama wa makamo kutoka Butembo, Kongo. Sokoni Koboko aliuza vitenge, lakini huko kwao alikuwa amefundisha jiografia katika shule ya sekondari kwa miaka mingi. Wateja wake wengine bado walimwita Mwalimu. Jioni hiyo alisikia mazungumzo yao, akakohoa kidogo ili asionekane anasikiliza kwa siri.

"Dada Driciru," aliita. "Mi nakusikia kila asubuhi. Unaimba muzuri. Lakini wimbo si ramani. Jumapili, kisha misa, nitakuja."

Jumapili Kahindo alikuja. Hakubeba kitabu. Alimpeleka Driciru katikati ya uwanja.

"Leo jua limetokea wapi?"

"Kule," Driciru alionyesha.

"Nyoosha mkono wa kulia huko. Sasa mkono wa kushoto upande mwingine. Simama hivyo. Mkono wa kulia unaelekea mji gani?"

Driciru alifikiri. "Yumbe."

"Huo ni mashariki. Na wa kushoto?"

"Kwenu, Kongo."

"Magharibi. Na mbele ya uso wako?"

"Oraba. Halafu Sudan Kusini."

"Kaskazini. Na mugongo?"

"Mgongo nimeupa Arua."

"Kusini. Ona, umeshajua pande ine za dunia. Mutu hawezi kujua fasi nyingine, mahali pengine, kama hajui yeye mwenyewe anasimama wapi. Anza hapa mulangoni. Dunia nzima itakuja polepole."

Ayikoru, aliyekuwa akichambua maharagwe kivulini, alitikisa kichwa. "Mnanyoosha mikono kama mnakausha nguo."

Kahindo alicheka. Kisha aliingia ndani, akaiondoa ramani ukutani. Aliilaza chini uwanjani na kuizungusha mpaka upande wa Misri ukaelekea Oraba.

"Sasa Misri iko juu?" aliuliza.

Driciru aliinama. Karatasi ilikuwa imelala bapa kwenye udongo. "Hapana. Iko mbele. Iko kaskazini."

"Na nikiigeuza hivi?" Kahindo aliizungusha nusu duara, Misri ikaelekea Arua. "Je, maji ya Nile yatageuka kwa sababu mimi nimegeuza karatasi?"

Driciru alianza kutabasamu. "Hayatageuka."

"Batu wenye kuchora ramani walikubaliana kuweka kaskazini upande wa juu wa karatasi. Ni desturi tu. Haisemi wapi kuna mulima na wapi kuna bonde. Maji hayasomi ramani. Yanafuata udongo unaposhuka. Ziwa Viktoria liko fasi ya juu. Ziwa Albert liko chini yake. Juba iko chini zaidi. Khartoum chini zaidi. Na bahari ile ya Misri, Bahari ya Kati, ni chini kuliko zote. Kwa hiyo Nile unaenda..."

"Kaskazini!" alisema Driciru. "Unashuka kwenda kaskazini. Kumbe juu ya karatasi si juu ya mlima."

Aliitazama ramani kwa muda mrefu. Kisha akaizungusha mwenyewe mpaka Misri ikaelekea tena Oraba.

Wiki iliyofuata Kahindo aliomba kitu cha mviringo.

"Ramani ni bapa, lakini dunia si bapa," alisema. "Shuleni tulikuwa na tufe, ule mupira wenye kuchorwa dunia. Hapa kuna nini?"

Driciru aliangalia huku na huku. Karibu na mlango kulikuwa na boga kubwa la Ayikoru. Aliliosha na kulifuta. Kahindo alichukua kipande cha mkaa, akamfundisha kuchora. Afrika katikati. Ulaya kaskazini yake. Asia kubwa upande wa mashariki. Australia chini ya Asia, upande wa kusini mashariki. Amerika mbili zilikuwa upande mwingine wa boga. Antaktika, bara la barafu, lilikuwa chini kabisa, pale boga lilipokaa.

"Lile ndilo lilinipotea siku ya uji!" alisema Driciru.

"Sasa halipotei. Boga linalikalia. Na hapa pote pasipochorwa ni nini?"

"Bahari." Driciru alilizungusha boga. Alishangaa. Sehemu kubwa haikuchorwa. "Maji ni mengi kuliko nchi kavu."

"Mingi sana. Ugawe dunia mafungu ine. Karibu mafungu matatu ni maji."

Walitaja bahari kuu tano, wakiweka kidole mahali pa kila moja: Pasifiki, ambayo ni kubwa kuliko zote, Atlantiki, kati ya Afrika na Amerika, Hindi, upande wa Mombasa, ya Kusini, kuzunguka Antaktika, na Aktiki, kaskazini kabisa. Kisha Kahindo alifunga uzi katikati ya boga, kama mkanda kiunoni.

"Huu ni ikweta. Unagawa dunia nusu ya kaskazini na nusu ya kusini. Unapita Uganda. Koboko iko kidogo kaskazini ya uzi. Kwetu Butembo tuko karibu juu ya uzi wenyewe."

"Basi Butembo kuna joto kali!"

"Kuna baridi. Usiku tunavaa sweta. Kwa nini?"

Driciru aliutazama uzi. Kisha akasema polepole, "Kwa sababu Butembo iko milimani?"

"Umeona? Hukukariri hilo. Umelifikiri."

Jua lilikuwa linaelekea Kongo. Kahindo aliliinua boga kwenye mwanga. Upande mmoja uling'aa, upande mwingine ukawa na kivuli.

"Huku ni muchana. Huku ni usiku. Dunia inazunguka kwenda mashariki, na kila fasi inapata zamu yake. Sasa weka alama ya Koboko. Weka Arua chini yake. Weka Vurra, pale mupakani na Kongo, chini ya Arua."

Driciru aliweka alama tatu kwa mkaa. Zilikaa karibu kwenye mstari mmoja, kutoka kaskazini kwenda kusini.

"Fasi zilizo kwenye mustari kama huo zinaingia kwenye jua karibu pamoja," alisema Kahindo. "Za mashariki zinatangulia. Za magharibi zinafuata. Ndiyo sababu saa za dunia hazifanani. Duara la dunia lina nyuzi, yaani digrii, mia tatu na sitini. Ikizunguka nyuzi kumi na tano, saa moja imepita."

Driciru alikunja uso. "Lakini ule mji wa Aru, upande wa Kongo, na Vurra yetu ni majirani. Mbona saa zao zinapishana saa nzima? Na simu ya Adriko, akiwa Oraba, wakati mwingine inarudi nyuma. Yeye husema imekunywa waragi."

"Haijalewa," Kahindo alicheka. "Imeshika mutandao wa ng'ambo. Kila inchi inachagua saa yake. Uganda imechagua moja. Kongo ya mashariki na Sudan Kusini ziko nyuma yake kwa saa moja. Lakini jua haliombi pasi pale Vurra. Linawaka pande zote mbili sawasawa. Saa ni mapatano ya batu."

Wakati huo Ayikoru alirudi kutoka shambani. Alisimama akashika kiuno.

"Mungu wangu! Nani amepaka boga langu masizi?"

"Mama, hii ni dunia," alisema Driciru.

"Dunia? Hii ni chakula ya jioni!"

"Basi tukuoneshe kwanza, halafu tutaipika."

Kumfundisha mtu mwingine ndilo lilikuwa jambo la mwisho ambalo Kahindo alimshauri. "Kama unataka kujua kwamba umejua, fundisha mutu," alisema. "Na uchague mutu asiyekuonea haya."

Ayikoru hakumwonea mtu haya. Hakuwahi kwenda shule, lakini maswali yake yalikuwa makali. Kila Driciru alipomfundisha, alimsimamisha.

"Kama hiyo dunia iko nazunguka, mbona maji ya mtungi wangu haimwagiki?"

Driciru hakujua. Hakujifanya anajua. Alikwenda kumwuliza Kahindo, kisha akarudi.

"Mama, ukipanda lori na mtungi wako, na lori linakwenda taratibu bila kuruka shimo, maji yanamwagika?"

"Hapana."

"Kwa sababu wewe, mtungi na maji mnakwenda pamoja na lori. Dunia haina mashimo njiani. Nayo inatuvuta sote kwake, hatuanguki."

Ayikoru alifikiri. "Dereva wake ni mzuri," alisema.

Jioni ile ya boga la kwanza waliosha mkaa, wakalipika. "Mimi mnipe Asia," alisema Ayikoru. "Iko na nyama mingi." Tangu siku hiyo hakuna boga lililoingia sufuriani bila kuchorwa kwanza. Hata Adriko, mikono ikiwa bado na grisi, alijifunza kuchora Amerika mbili. Wimbo wa asubuhi uliisha, na uji haukuungua tena.

Siku ya mtihani ilikaribia. Mtihani ulikuwa Arua, saa tatu asubuhi. Lango lingefungwa saa mbili na nusu, na anayechelewa hangeingia. Driciru aliogopa kusafiri asubuhi kutoka Koboko. Alikwenda siku moja kabla, akalala kwa shangazi yake huko Vurra, karibu na mpaka. Kutoka hapo mpaka chuoni ni kama nusu saa kwa boda.

Jioni aliweka kengele ya simu iite saa kumi na mbili. Alipanga kuondoka saa moja na nusu. Alilala vizuri kuliko alivyotegemea.

Kengele ilipolia aliamka, akaoga, akavaa gauni lake la bluu. Shangazi alikuwa ameshakwenda sokoni, lakini alimwachia chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha. Driciru alifungua mlango, akakaa kwenye kizingiti kunywa chai. Alitazama simu. Saa kumi na mbili na nusu. Nafasi ilikuwa tele.

Akameza chai funda moja. Kisha akainua macho.

Jua lilikuwa limeshatoka. Halikuwa linachungulia, lilikuwa limepanda juu ya miti. Kivuli cha ua kilikuwa kimelala uwanjani, kikianza kufupika.

Driciru aliweka kikombe chini. Kwao Koboko, majira haya, jua hutoka karibu saa moja. Saa kumi na mbili na nusu bado ni giza. Akaona boga kichwani mwake, na zile alama tatu za mkaa. Koboko, Arua, Vurra. Mstari mmoja. Jua la Vurra haliwezi kutangulia la Koboko kiasi hicho.

"Jua halikosei," alisema kwa sauti. "Basi simu ndiyo imekosea."

Alitazama juu ya kioo cha simu. Jina la mtandao halikuwa lile la jana. Usiku simu ilikuwa imeshika mtandao wa Kongo.

Alichukua mkoba na kitambulisho, akakimbia mpaka barabarani. Malori yalikuwa yamepanga mstari yakingoja forodha. Dereva mmoja alikuwa akipiga mswaki kando ya gurudumu.

"Kaka, samahani, saa ngapi?"

Dereva alitema povu. "Saa ya wapi, mama? Ya Kongo ao ya Uganda?"

"Ya Uganda!"

"Saa moja na dakika makumi ine."

Driciru alipiga hesabu. Kama angemaliza chai yake na kuondoka kwa saa ya simu, angeondoka Vurra wakati lango la Arua linafungwa. Aliita boda.

"Chuo cha ualimu, Arua. Haraka, lakini tufike wazima."

"Tutafika, mwalimu," alisema kijana wa boda. Driciru hakujua kijana huyo alijuaje kwamba yeye ni mwalimu. Labda ni ile kalamu aliyoichomeka kwenye nywele.

Walifika lango likiwa bado wazi. Mlinzi aliangalia kitambulisho chake, akamwashiria apite. Driciru alisimama kidogo ndani ya lango. Alikuwa akicheka peke yake. Jiografia ilikuwa imemsaidia kabla hata hajaketi kwenye mtihani.

Ndani ya ukumbi aligeuza karatasi. Swali la kwanza la jiografia: Mto Nile unatiririka kuelekea upande gani, na kwa nini? Aliandika: Unatiririka kuelekea kaskazini, kwa sababu nchi inashuka kutoka Ziwa Viktoria mpaka Bahari ya Kati. Mbele kidogo palikuwa na swali la saa za dunia. Alitabasamu, akaandika bila kusita. Alipokwama kwenye swali la bahari, hakuanza wimbo. Alifumba macho, akalizungusha boga taratibu mpaka akaiona Atlantiki.

Wiki chache zilipita. Driciru alikuwa darasani, akiwafundisha watoto, Bwana Loku alipochungulia mlangoni akiwa na simu sikioni.

"Ndiyo. Ndiyo, nimemwona," alisema kwa mtu wa upande wa pili. Kisha akamgeukia. "Mwalimu Driciru, chuo wanasema ujiandae. Umepata nafasi."

Driciru alikaa kwenye kiti cha mtoto, kidogo mno kwake. Alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua kuni alizozibeba kutoka mbali.

"Na darasa?" aliuliza.

"Darasa ni lako," alisema Bwana Loku. "Nani mwingine atakaa kwenye hicho kiti?"

Watoto walicheka, naye akacheka pamoja nao. Jioni alipita kwanza kwa Kahindo. Alimshika mikono yote miwili. "Awadifo, mwalimu wangu," alisema, yaani asante, kwa Kilugbara. Kahindo alimjibu kwa kumkumbatia tu.

Sasa darasani kwa Driciru ramani haitundikwi mpaka kwanza ilazwe chini, na kaskazini yake ielekezwe Oraba. Kila asubuhi watoto hunyoosha mikono: kulia Yumbe, kushoto Kongo, uso Sudan Kusini, mgongo Arua.

Asubuhi moja Ayikoru alifika shuleni mwenyewe, ametembea polepole, na boga kubwa kuliko yote ya shamba lake kichwani. Alilitua mezani mbele ya watoto.

"Hii ni dunia yenu," aliwaambia. "Mchore vizuri, msisahau ile ya barafu huko chini. Na mkimaliza kusoma," alimnyooshea Driciru kidole, "mnirudishie. Mimi bado sijala Afrika."